Maswali na Majibu: Tukishavaa Pinki, Twende Wapi?

Mwezi uliopita niliwauliza wasomaji: kampeni za pinki za kansa ya matiti, zile za kila Oktoba, zikipita mtaani kwenu, mnazionaje? Ujumbe ulikuja mwingi, kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na Busia, na wengi mliandika kwa hasira. Sikuchukia hata kidogo. Nimevaa sare ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini, na wagonjwa walionitia hofu ni wale walionyamaza. Nimechagua maswali tisa.

Sista, kila Oktoba wanakuja hapa Kibuye na muziki. Wanatugawia utepe na karatasi, wanapiga picha, wanaenda. Hatuwaoni tena hadi Oktoba nyingine. Sisi tunafaidika na nini? (Muuza nyanya, Kisumu)

Dada yangu, nimewahi kukaa ndani ya hema kama hilo, hapo hapo Kibuye, Jumapili ya jua kali. Msichana wa kujitolea, tisheti yake ya pinki bado ina mikunjo ya dukani, alimpa kipeperushi mama mmoja anayeuza omena. Yule mama alikisoma chote, mbele na nyuma, bila haraka. Kisha akauliza, "Nikikipata hicho kivimbe, nakuja hapa?" Msichana akamwambia hapana, sisi tuko leo tu, uende hospitali. "Hospitali gani? Siku gani? Namuulizia nani?" Msichana akanigeukia. Hospitali niliijua, lakini siku ya kliniki ya matiti sikuijua. Mama akashukuru, akaikunja karatasi na kufungia mteja omena za shilingi hamsini.

Swali la mama yule sijalisahau, na ndilo jibu langu kwako. Watu wa kwetu hawakatai kufundishwa. Wamechoka kufundishwa halafu wakaachwa mlangoni.

Jambo hili limepimwa kwingine. Mjini Shanghai, kuanzia 1989, wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo waliingizwa katika utafiti. Nusu walifundishwa kwa bidii kujipapasa matiti, nusu nyingine hawakufundishwa. Baada ya miaka kumi hivi, vifo vya kansa ya matiti vilikuwa sawa pande zote mbili. Mjini Mumbai walifanya tofauti. Wanawake 150,000 hivi walifuatiliwa kwa miaka 20, na kwa nusu yao wahudumu wa afya waliofunzwa walikuja kuwapima matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili, na aliyekutwa na kitu akapelekwa hospitali. Matokeo yalitolewa 2021: ugonjwa uligunduliwa mapema zaidi, na kwa wenye umri wa miaka 50 kwenda juu vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Usinielewe kwamba nakukataza kuyajua matiti yako. Wengi wanaofika kwetu walianza kwa kuhisi kitu wenyewe, wakioga au wakinyonyesha. Ninachosema ni kwamba karatasi haiwezi kufanya kazi ya mkono wa mtu aliyefunzwa anayekuja, anayerudi, na anayejua pa kukupeleka. Na mtu huyo tunaye. Nyamrerwa wetu, mhudumu wa afya ya jamii, anapita nyumba kwa nyumba Nyalenda na Manyatta mwaka mzima. Serikali ilipowazindua rasmi mwaka wa 2023 walikuwa zaidi ya 100,000 nchi nzima, na mkoba wenye mashine za presha na sukari. Afundishwe na matiti. Pesa za jukwaa na spika za siku moja zingelipia mafunzo ya wengi.

Oktoba wakija tena, usiwafukuze. Waulize kama yule mama: hospitali gani, siku gani, namuulizia nani. Wakikosa jibu waambie warudi wiki ijayo nalo.

Mama mkwe wangu anasema kansa ikiguswa na kisu inakasirika. Jirani yetu alikaa na uvimbe miaka miwili akinywa dawa za miti, analima, anaenda sokoni. Alipopelekwa kukatwa, miezi minne tukamzika. Mimi nimeambiwa nifanyiwe bayopsi na naogopa. (Mama wa watoto watatu, Mumias)

Mama, kwanza pole kwa jirani yenu. Pili, usimwambie mama mkwe kwamba ni ujinga. Alichokiona alikiona kweli: mtu alikuwa mzima, akakatwa, akafa. Kampeni nyingi hushindwa hapa kwa sababu zinakuja kupinga macho ya watu.

Ambacho hakikuonekana ni kilichotendeka ndani katika ile miaka miwili. Kansa ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi, ndiyo maana mtu analima na kwenda sokoni. Huku nyuma chembe zake zinasafiri, kwanza kwenye tezi za kwapani, baadaye mifupa, ini, mapafu. Jirani yenu alipofika thieta huenda ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye titi siku nyingi. Kisu kilikuta safari imeanza, kikalaumiwa kwa mwisho wake.

Bayopsi yenyewe si operesheni ya kuondoa titi. Unadungwa ganzi, halafu sindano nene kidogo inachukua vipande vyembamba vya nyama. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Haiamshi kansa wala haiisambazi. Bila hiyo hakuna daktari anayeweza kukuambia kama ni kansa, na kama ni kansa ni ya aina gani. Nyingine zina vipokezi vya homoni, yaani zinakuzwa na homoni za mwili, na hizo zinatibiwa pia kwa vidonge kama tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Nyingine zina protini iitwayo HER2 kwa wingi, nazo zina dawa zake. Anayetibiwa bila kujua aina anatibiwa gizani.

Sasa niseme la upande wetu. Niliwahi kukutana na mama ndani ya matatu ya kutoka Siaya, amepakata mkoba kama mtu aliyebeba mayai. Tulipozungumza akanifungulia: ndani, katikati ya leso, kulikuwa na kichupa cha plastiki chenye maji ya dawa na kipande cha titi lake, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Alikuwa ametumwa akipeleke maabara mwenyewe, Kisumu. Aliambiwa, "Tutakupigia." Wiki saba hakupigiwa. Majibu yalikuwa yametoka siku nyingi, yamekaa kwenye faili. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa kansa ya matiti ulioanza 2021, linataka mgonjwa ajue ana nini ndani ya siku 60 tangu alipofika kituo cha afya mara ya kwanza. Mama yule siku zake 60 ziliishia karibu zote kwenye faili hilo. Kwa hiyo fanya bayopsi, lakini usiondoke bila tarehe ya majibu na jina la mtu, na tarehe ikifika nenda hata kama simu haijalia.

Kwa mama mkwe, mwambie hivi: "Mama, uliyoyaona ni kweli. Jirani alichelewa. Mimi sitaki kuchelewa." Ukiweza, mtafute mwanamke wa karibu aliyetibiwa akapona, akae naye jikoni wanywe chai. Mazishi ya jirani yamemfundisha kwa miaka, nasi hatujawahi kumwonyesha kitu cha kulinganisha nayo.

Ni kweli kuweka simu na pesa kwenye sidiria kunaleta kansa? Na sidiria nyeusi? (Mfanyabiashara, Soko la Chwele)

Hapana, na rangi haina neno. Yanayojulikana kuongeza uwezekano ni umri, damu ya familia kwa wachache, pombe, na uzito mwingi hasa baada ya hedhi kukoma. Kunyonyesha kunapunguza. Simu iweke mahali pengine kwa ajili ya wezi.

Nilipewa tisheti ya pinki kwenye matembezi, nikaivaa stejini, wenzangu wakanicheka hadi nikaivua. Mwanaume na matiti wapi na wapi? (Mwendesha boda boda, Kaptembwo, Nakuru)

Kaka, irudishe mwilini. Wanaume pia wanaugua, ingawa ni mmoja hivi katika kila wagonjwa mia. Mwanaume akiona uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, au chuchu imeingia ndani, aende hospitali bila kuona haya.

Lakini kuna sababu nyingine ya kukuhitaji. Nimewauliza wanawake waliochelewa ni nini kiliwazuia, na baada ya pesa jibu linalofuata ni mume. Mke anaogopa kumwambia. Anaogopa titi likiondolewa ataletewa mwenzake, au atarudishwa kwao. Wengine yaliwakuta. Hofu hiyo haipungui kwa kipeperushi anachopewa mwanamke. Inapungua mume akisema kabla ya ugonjwa kuja, mbele ya wenzake stejini, kwamba mke wangu akiugua nitampeleka mimi.

Na usafiri unao. Siku hizi Nakuru ina tiba ya mionzi kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, na wagonjwa hawana haja ya kukesha Nairobi kama zamani. Lakini mionzi hupigwa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi. Piga hesabu ya nauli ya mama mmoja kutoka Kaptembwo, kwenda na kurudi. Steji yenu ikikubaliana kumbeba mgonjwa mmoja kwa zamu, mtakuwa mmefanya kitu ambacho matembezi yale hayakufanya.

Tunataka Jumapili ya pinki kanisani, lakini wazee wanasema neno "titi" haliwezi kutamkwa madhabahuni. Wengine wananong'ona kwamba ugonjwa huu ni laana. (Kiongozi wa vijana, Webuye)

Usigombane na wazee kwa ajili ya maikrofoni. Kuna familia ambazo baba mkwe na mke wa mwanawe hawawezi kukaa benchi moja wakasikia neno hilo, na heshima hiyo ina mizizi. Mchungaji atangaze tu kwamba baada ya ibada akina mama wabaki na muuguzi, na wanaume waende na mwingine chini ya mti. Huko mseme kila kitu kwa jina lake: titi, chuchu, kwapa. Mseme ngozi inayokuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu inayotoa damu.

Kuhusu laana, au chira kama wanavyosema jirani zetu Waluo, ombeni mchungaji aseme mwenyewe, kwa sauti ile ile anayohubiria, kwamba huu ni ugonjwa wa mwili. Akisema yeye, mgonjwa aliyejificha nyumba ya nyuma anaweza kutoka. Mimi nikisema wataitikia tu. Maombi yaendelee, na anayeombewa awe na bahasha ya vipimo mkononi.

Nilinunua chupa ya maji ya pinki kwa bei ya juu kuliko ya kawaida kwa sababu iliandikwa inasaidia vita dhidi ya kansa ya matiti. Pesa hizo zinaenda wapi? (Mwalimu, Nakuru)

Mwalimu, waulize waliokuuzia mambo matatu: ni shilingi ngapi kwa kila chupa, zinaenda kwa nani, na wamejiwekea kikomo gani cha mchango. Mwenye nia safi hujibu mara moja.

Oktoba kuwa mwezi wa kansa ya matiti kulianzia Marekani mwaka wa 1985. Utepe ulifuata miaka michache baadaye, na asili yake inafaa ijulikane. Mwanamke wa California, Charlotte Haley, alikaa nyumbani kwake akishona tepe kwa mkono. Hazikuwa za pinki, zilikuwa za rangi ya pichi. Kila kifurushi alikiambatisha na kadi iliyosema kwamba asilimia 5 tu ya bajeti ya Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani ilikuwa ikienda kwenye kinga, na kuwaomba watu wasaidie kuwaamsha wabunge. Jarida moja na kampuni ya vipodozi walipotaka kuuchukua mwaka wa 1992 alikataa, akiogopa ungegeuzwa biashara. Wakabadilisha rangi, wakatumia pinki.

Mimi huvaa utepe wa pinki, maana wagonjwa wangu wanaupenda. Lakini wa yule mama ulikuwa na dai. Ulitaja nani atoe nini. Wa kwetu ukiwa na dai ningeuandika hivi: mtaalamu wa kusoma bayopsi katika kila kaunti, na majibu kwa wakati.

Nilitibiwa, nimemaliza miaka sita. Kila Oktoba naitwa kusimama jukwaani kutoa ushuhuda. Mwaka jana nilikuta picha yangu kwenye bango, sikuwa nimeulizwa. Nikikataa kwenda naambiwa sina shukrani. (Mama wa Njoro)

Mama, ujumbe wako niliusoma mara tatu. Huna deni la mtu. Uliyelipa ni wewe, kwa mwili wako.

Kwa picha, sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na sura yako kwenye bango la kansa ni habari ya afya yako. Andika barua kwa waliolitoa, uwaambie hukuridhia, uwatake waliondoe. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya namna hii.

Nimesema juu kwamba waliopona ndio wanaoweza kumgeuza mama mkwe wa Mumias, na naliamini hilo. Mwaka wa 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alipotangaza wazi kwamba ameondolewa titi, wanawake wengi sana walikwenda kupimwa. Lakini alichagua mwenyewe kusema. Anayekuita jukwaani akuulize kwanza unataka kusema nini na nini kibaki chako. Akulipe nauli na siku uliyopoteza. Na akikusikia ukisema mwaka huu hapana, aseme asante.

Niongeze jambo lililonikaa moyoni. Katika sherehe hizi wanaoitwa ni waliopona tu. Wale ambao kansa ilirudi ikaenda mifupani, wanaoishi nayo kwa dawa, hawaitwi, eti watavunja watu moyo. Mgonjwa wangu mmoja aliniambia Oktoba ndio mwezi anaofunga mlango. Tuna kosa hapo, sisi wenye kupanga. Wakaribishwe, wakae mbele, na wasipotaka kusema wale chakula na wenzao.

Mnatuamsha, tunapimwa, halafu hatuna pesa za matibabu. Si afadhali mtu asijue? (Kijana, Busia)

Mwanangu, hasira yako ni ya haki. Nimeona shamba likiuzwa, na mgonjwa akafa watoto wakabaki bila vyote viwili. Bado nakwambia afadhali kujua, kwa sababu iliyogunduliwa ingali ndogo inahitaji matibabu mafupi na ya bei nafuu kuliko iliyoenea, na nafasi ya kupona ni kubwa zaidi. Hakikisha mama na dada zako wamesajiliwa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya taifa) na michango imelipwa kabla mtu hajaugua. Viwango vilivyoanza na SHA viliwekea matibabu ya kansa hadi shilingi 550,000 kwa mwaka kwa kila kaya, yaani 400,000 za bima ya afya ya jamii na 150,000 za mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Uliza hospitalini kiwango cha sasa kabla ya kuanza. Kwa wengi hazimalizi safari, harambee huwa zinafuata. Kampeni isiyomsajili hata mtu mmoja papo hapo hemani imeacha kazi nusu.

Sista, nina miaka 34. Juzi nikioga nilihisi kitu kigumu upande wa kushoto, kama punje ya mahindi. Hakiumi. Sijamwambia mtu. Nianzie wapi? (Msomaji, Kondele)

Umeniambia mimi, kwa hiyo umeshaanza. Vivimbe vingi vya matiti, kama nane kati ya kumi, si kansa, na kwa umri wako uwezekano huo ni mkubwa. Lakini cha kwako hakuna anayeweza kukijua kwa kukitazama wala kwa kusoma ujumbe, kwa hiyo kipimwe.

Usisubiri Oktoba wala kambi ya bure. Wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi: "Nimepata uvimbe kwenye titi, naomba nipimwe." Muuguzi au daktari atakupapasa matiti yote mawili na makwapa. Kwa miaka 34 huenda wakakutuma altrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, kabla ya mamogramu, yaani eksirei ya matiti, kwa sababu nyama ya matiti ya mwanamke kijana imeshikana zaidi na mamogramu haioni vizuri ndani yake. Mwongozo wa Kenya unaweka mamogramu ya mara kwa mara kuanzia miaka 40, lakini hiyo ni kwa asiye na dalili. Wewe una dalili, mtu asikurudishe nyumbani kwa sababu ya umri. Wakiona haja watakupeleka bayopsi, na umeshasoma hapo juu jinsi ilivyo.

Nenda na mtu, dada au rafiki, kwa sababu ukiwa na hofu masikio husikia nusu. Beba daftari dogo. Mwache yeye aandike: nani amekupima, amesema nini, unarudi tarehe ngapi. Ukishaipata hiyo tarehe, niandikie.